Minyororo Miwili ya Shamba la Bi Tatu

Naikumbuka siku niliyoshuka Mbwera na ditekta ya kutafutia vyuma nimeifunga kwenye kanga. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, madungu ya kulindia ndege na nguruwe yamebaki matupu, na matope ya kando ya mto yameanza kupasuka kwa jua. Niliyemkuta bandarini aliniuliza kama nimebeba fyekeo la umeme. Nikamjibu kwamba nimebeba sayansi. Naona aibu kukusimulia jibu lile, mwanangu, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka kumi tu. Kwa ukoo mimi ni shangazi yako, na shangazi anaruhusiwa kuongea kama mzee hata kabla hajaota mvi. Juzi umeniandikia kwamba wewe na wenzako wa hosteli mmechanga mkanunua ditekta, na likizo hii mnataka kuingia delta. Umeniuliza betri gani inadumu. Nunua ya kuchaji, ubebe na ya akiba. Hilo limekwisha. Sasa nisikilize kwa jambo ambalo hukuniuliza.

Nilikuwa nimemaliza jiolojia, nimerudi Kibiti, sina kazi, na nina maoni juu ya kila kitu. Ditekta niliazimwa na rafiki wa chuo aliyekuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya Chunya. Wewe umeiona ya kwenu: mkono mrefu, sahani chini, spika ndogo inayolia sahani ikipita juu ya chuma. Rafiki yangu aliitumia kutafuta dhahabu. Mimi nilitaka kuitumia kuua hadithi. Huku kwetu kila mtu ana mjomba anayejua mahali Mjerumani alipoficha mali kabla ya kukimbia. Nimelala nikisikia hadithi hizo, nimeamka nikizisikia, na sikuwahi kuonyeshwa hata kifuniko cha sanduku. Nikasema nitakwenda delta nipime shamba kwa shamba, nichore ramani, nirudi niwaambie watu wazima waache kupoteza muda. Angalia vizuri: sikwenda kutafuta mali. Ndiyo maana nilijiona msafi. Mtu anayetafuta mali hujificha kidogo. Mimi nilitembea kifua mbele.

Nilifikia kwa Bi Mwanahawa, mdogo wake bibi yangu, ambaye wewe hukuwahi kumwona. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa ulimi, na mikono yake ilikuwa haitulii; alikuwa akiongea huku anasuka mkeka au anapepeta. Alinikaribisha vizuri. Asubuhi ya pili aliniona nakoroga uji huku nimeshavaa buti, akaniuliza naelekea wapi. Nikamwambia naanza na shamba lile kubwa lililo karibu na kijito, upande wa mikoko.

"La Bi Tatu lile," akasema. "Umeshampigia hodi mwenyewe?"

"Bibi, hodi hupigwa mlangoni. Pale hakuna mlango."

"Haya, msomi," akasema, akarudi kwenye mkeka wake.

Nilidhani nimeshinda. Nilikuwa na hoja zangu zimepangika, na nitakupa zote, kwa sababu najua wewe nawe utazibuni hata nisipokupa. Ya kwanza ni ya sheria. Ardhi ya nchi hii ni ya umma; mtu ana haki ya kuitumia, na haki ya kutumia juu si lazima iwe haki ya kila kilichomo chini. Ya pili ni ya desturi, na hii ndiyo iliyonipoteza. Delta, mpunga ukishavunwa, shamba huwa kama limefunguliwa. Watu hukatiza humo bila kuuliza. Wanawake huokota masuke yaliyoanguka, huchuma mlenda na mboga zinazoota kwenye matuta, watoto hukimbiza kaa. Hakuna anayemfokea mwenzake. Nikajiambia: ikiwa mlango umefunguliwa kwa anayeokota masuke, umefunguliwa pia kwa anayeokota msumari. Mgeni kutoka mbali asingekosea hivyo, angeuliza kwa woga tu. Mimi nilikosea kwa sababu nilikuwa nusu mwenyeji. Niliijua desturi, nikairefusha mpaka mahali ambapo haikufika.

Siku ya kwanza nilipata makopo ya maziwa, misumari ya mitumbwi, kipande cha bati na kijiko. Nilifurahi. Kila kopo lilikuwa ushahidi wangu dhidi ya Mjerumani. Alasiri, kwenye pembe ya shamba, mashine ikalia mlio mwingine kabisa, mzito, wa kuendelea. Nikachimba. Jembe likafika kina cha mkono wangu mzima mpaka begani ndipo likagonga. Nikatoa pete tatu za mnyororo zilizoshikana, kila pete kubwa kama kiganja, nyeusi kwa kutu, chuma cha chombo cha baharini. Nikapiga picha zikiwa juu ya buti langu. Udongo nikausukumia shimoni kwa mguu.

Kesho yake, nikifuata mstari ulionyooka kuelekea kijitoni, nikapata nyingine. Pete tatu zilizoshikana, kina kilekile.

Hapa ndipo ninapotaka usimame nami kidogo. Mtu yeyote aliyesoma mwaka mmoja wa jiolojia anajua kwamba mto hautupi vitu kwa kina kimoja, kwa idadi moja, kwenye pembe mbili za shamba. Vitu vya namna hiyo vimewekwa. Vimewekwa na mtu, kwa kusudi. Mimi niliyekuwa nikiuliza kwa nini imamu anakohoa kabla ya hotuba, swali hilo sikuliuliza. Nilijiambia ni mabaki ya mnyororo wa meli uliokatika na kusambaa, nikaandika hivyo kwenye daftari, nikavitia vyuma vyote begini. Nilimwonyesha Bi Mwanahawa picha kwenye simu. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri vitu vidogo, akaniuliza ni nini, nikamwambia vyuma chakavu. Siku mbili baadaye nikarudi Kibiti. Picha nikazituma kwenye kundi letu la WhatsApp la wahitimu, tukabishana wiki nzima juu ya umri wa kutu.

Wakati tunabishana, bamvua likaja. Maji makubwa ya mwezi yaliingia mashambani, yakasawazisha matope, yakaondoka. Mashimo yangu yakafutika kama hayakuwahi kuwapo.

Bi Mwanahawa alinipigia simu siku ya Jumapili. Hakunisalimia kwa urefu kama kawaida yake. Aliniuliza vile vyuma chakavu vilikuwa vya namna gani. Nikamweleza. Kisha akanisimulia polepole, nami nikiwa nimesimama katikati ya soko la Kibiti nimeziba sikio moja kwa kidole.

Shamba la Bi Tatu limepakana na la Mzee Mbaraka. Kati yao zamani kulikuwa na tuta la jaruba la mpunga na vigingi vya mkoko. Mafuriko yalizoa tuta, vigingi vikaoza. Baba mkwe wa Bi Tatu na baba yake Mzee Mbaraka waliliona jambo hilo mapema, walipokuwa vijana. Wakachukua mnyororo wa chombo kibovu kilichokuwa kimelala kijitoni, wakatoa vipande viwili, wakavizika kwenye pembe mbili mbele ya watu. Mstari unaounganisha vipande hivyo ndio mpaka. Kigingi mtu anaweza kukihamisha jioni moja. Chuma kilichozikwa kina cha mkono hakihamishwi kimyakimya. Ikitokea kutoelewana, pande zote mbili huja na mashahidi, huchimba pamoja, hukitazama, kisha hukifukia tena palepale. Kilikuwa kimechimbwa mara moja tu tangu kizikwe.

Mwaka ule kutoelewana kulitokea. Mafuriko ya msimu uliotangulia yalikuwa yamemwaga udongo mpya upande wa chini, ukanda mwembamba unaokaa maji hata mvua zikikatika. Kwa mtu mwenye shamba moja, ukanda ule ndio tofauti kati ya kula mpunga wake na kununua unga. Mzee Mbaraka aliamini ni wake, kwa sababu alikumbuka kisiki fulani. Bi Tatu, mjane asiye na mtoto wa kiume pale kijijini, aliamini ni wake, kwa sababu ya minyororo. Baraza la ardhi la kijiji likaenda shambani. Bi Tatu akaonyesha mahali. Wakachimba, hakuna. Akasogea hatua tatu, wakachimba, hakuna. Wakaenda pembe ya pili, hakuna. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini ya kutosha, kwamba wajane nao wana hadithi zao. Watu wengine wakacheka. Bi Tatu alikaa juu ya tuta, akajifunika uso kwa ncha ya ushungi.

"Njoo navyo," Bi Mwanahawa akaniambia. "Na uje na ulimi wako pia, utauhitaji."

Niliondoka kesho yake asubuhi. Bodaboda mpaka Nyamisati, kisha boti, na vyuma vile begini vinanigonga mgongo njia nzima. Sitakudanganya kwamba nilikwenda kwa ujasiri. Nilikuwa nikitunga utetezi. Nilikuwa hata na aya moja ya kuwaeleza juu ya tofauti ya miliki na matumizi.

Baraza lilikutana shambani palepale. Nikavitoa vile vipande, nikaviweka juu ya jamvi. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee Mbaraka, mtu mpana mwenye sauti ya pua, aliinama, akaokota kimoja, akakipima uzito mkononi, akasema, "Hivi ndivyo. Baba alinionyesha nikiwa mdogo." Akamgeukia Bi Tatu akamwomba radhi kwa yaliyosemwa siku ile, ingawa aliyeyasema si yeye. Nikadhani mambo yamekwisha.

Mwenyekiti wa baraza akaniuliza, "Vilikuwa wapi?"

Nikatembea kuelekea pembe. Mwanangu, ukiacha mashimo ya baraza, matope yote yalikuwa sawa. Hakuna shimo langu, hakuna nyayo zangu, hakuna jani. Ramani niliyojiahidi sikuwa nimeichora, na daftarini sikuwa nimeandika kipimo hata kimoja; nikatoa simu, nikafungua picha. Picha huhifadhi mahali ilipopigwa. Nikaonyesha kitone cha buluu kwenye ramani ya simu. Mwenyekiti akavaa miwani, akaniuliza duara linalokizunguka lina maana gani. Nikamweleza kwamba simu haina uhakika kamili, kitu kinaweza kuwa popote ndani ya duara. Akaniomba nimwonyeshe duara hilo kwa kutembea. Nikatembea. Ukanda wote unaogombaniwa ulikuwa ndani yake, na sehemu ya shamba la kila mmoja.

"Simu yako inatuambia kwamba mpaka uko hapa shambani," mwenyekiti akasema. "Hilo tulikuwa tunalijua. Tuonyeshe kwa mguu."

Nilijaribu mara tatu, nikasimama mahali patatu tofauti. Watu walianza kucheka tena, lakini sasa walinicheka mimi, na nilistahili.

Bi Tatu hakucheka. Alikuwa amesimama pale alipodai pembe ilikuwa, ananitazama. Hakuniashiria chochote. Lakini nilijua, na kila mtu alijua, kwamba nikisogea hatua kadhaa nikasema "hapa", jambo lingekwisha. Mzee Mbaraka mwenyewe alisema angekubali, alisema, "Mimi neno la mnyororo nalikubali, popote ulipokuwa." Neno la mnyororo sasa lilikuwa mdomoni mwangu. Ningeweza kulirekebisha kosa langu kwa sentensi moja, na pengine sentensi hiyo ingekuwa kweli.

Nikasema, "Sijui."

Nimelichunguza neno lile mara nyingi tangu siku ile. Kuna siku naliona lilikuwa uaminifu. Kuna siku naona ulikuwa uoga wa mtu aliyejali usafi wa mikono yake kuliko mpunga wa mjane. Bado sina jibu, na nisingependa ulichukue kwangu kama mfano. Ninachojua kwa uhakika ni kidogo zaidi: nilikuwa nimelifanya swali lililokuwa na jibu kuwa swali lisilo na jibu. Huenda Bi Tatu alikuwa sahihi. Huenda wazee wale wa zamani walipima vibaya tangu mwanzo. Huenda kuna mtu aliwahi kuisogeza minyororo. Mimi napenda kushuku, wewe unajua. Lakini shaka inahitaji kitu cha kukipima, na kitu hicho nilikuwa nimekitia begini.

Baraza lilishauriana hapohapo. Ukanda ukagawanywa katikati. Waliweka vigingi vipya, na kila upande ukaahidi kupanda minazi. Bi Tatu alipoteza nusu ya sehemu iliyokuwa ikimlisha miaka ya ukame. Hakukata rufaa. Alisema amechoka kusimama juani.

Watu walipoanza kutawanyika nilimfuata. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakabaki mawili au matatu. Nikamwomba radhi. Nikamwambia naona aibu kwamba sikumuuliza.

"Ungeniuliza ningekuonyesha mwenyewe," akasema. "Ningekupeleka pale, nikakwambia hapa usichimbe, chimba kwingine kote. Ungekunywa na uji kwangu." Kisha akaongeza, bila ukali, kama mtu anayetoa maelezo: "Watu wanapita shambani kwangu mwaka mzima. Wanaokota vilivyoanguka. Ulichokitoa wewe hakikuwa kimeanguka."

Nikamnyooshea vile vipande vya mnyororo. Nilitaka avichukue, nilitaka sana. Akaurudisha mkono wangu.

"Kaa navyo," akasema. "Vikiwa chini vilikuwa mpaka. Huko kwenye begi lako ni chuma."

Ninavyo mpaka leo, chini ya meza ninayosahihishia daftari za wanafunzi. Akija mgeni akaniuliza, humweleza. Sijawahi kumpa mtu.

Ndiyo nasaha yangu, mwanangu, na sikupi kwa kuwa wazee walisema. Wazee walisema wakati ule nami sikusikia. Nakupa kwa kuwa nimeipima.

Shamba lisilo na mtu si shamba lisilo na mwenyewe. Mtafute. Usiridhike na ruhusa ya uliyemkuta njiani, wala ya mwenyekiti wa kitongoji peke yake, wala ya anayelima kwa kuazima. Uliza nani mwenye neno la mwisho juu ya udongo ule, umfuate nyumbani kwake, ukae, ueleze mashine inafanya nini na unataka kuchimba kina gani. Eleza mapema pia kitakachotokea mkipata kitu, maana mazungumzo hayo kabla ya kupata huchukua dakika chache, na baada ya kupata huvunja ujamaa. Akisema hapana, ni hapana. Usimletee aya ya sheria. Mtu anaweza kukatazwa kwa sababu nzuri ambayo si lazima aambiwe.

Mkiruhusiwa, mwambieni mwenye shamba awepo, au atume mtu wake. Cha kwanza kutoka ardhini kionwe na yeye kwanza, kabla ya simu zenu na makundi yenu. Lakini kabla hata hakijatoka, simameni. Pimeni mlipo kwa kamba kutoka kwenye vitu visivyohama, andikeni kina, chukueni picha ya shimo pamoja na kilicho pembeni. Mkiona kitu kimelazwa, kimepangwa, kina mwenzake, msikiguse mpaka mjue kimewekwa na nani na kwa nini. Kikionekana cha kale sana, kiacheni na mtoe taarifa kijijini na kwa watu wa mambo ya kale. Si chenu, na wala si cha mwenye shamba peke yake. Kikifanana na risasi au kombora, ondokeni wote mwite polisi. Na shimo mlifukie kwa mikono, udongo wa chini ukitangulia, wa juu ukifuata, msishindilie kwa mguu kama mimi.

Halafu ulize maswali yako yote, sikukatazi. Uliza nani alisema, alijuaje, nani mwingine aliona. Mimi bado siamini mali ya Mjerumani. Lakini swali la kwanza lielekeze kwako: najuaje kwamba jambo hili linanihusu? Mimi lingenipeleka mlangoni kwa Bi Tatu siku ya kwanza asubuhi, kabla uji haujapoa.

Mungu akufikishe salama huko uendako. Akujaalie mwenyeji atakayekufungulia, na subira ya kungoja mpaka afungue. Na ukikataliwa, akupe moyo mwepesi wa kuvuka mto na kurudi nyumbani mikono mitupu, bila kinyongo na bila deni kwa ardhi ya mtu. Amina.